Barakoa Ikishavuliwa, Tunarudia Kuangalia Nini?

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, mwishoni kabisa: kwamba masika yamenifungia ndani na mjukuu wangu wa miaka minane, tukirudia picha za Scooby-Doo moja baada ya nyingine kuanzia ile ya 1998. Sikutarajia barua. Zimekuja nyingi, kwa hiyo mwezi huu safu nzima ni ya yule mbwa mkubwa mwoga wa katuni na wenzake wanne wapelelezi: Fred, Daphne, Velma na Shaggy.

Kwa wageni wa safu hii: nilikuwa na duka la kukodisha kanda za video hapa Tanga, Ngamiani, barabara ya 12, tangu 1999 hadi siku deki za kanda zilipokosa mtu wa kuzitengeneza. Picha hizi nimezikodisha, nimezifuta vumbi na kuzigombania na watoto waliochelewa kuzirudisha. Na natoa taarifa mapema: wabaya nitawataja kwa majina. Asiyetaka kukatiwa uhondo aangalie kwanza, asome baadaye.

Shikamoo Shangazi. Nina mtoto wa kiume wa miaka sita. Kwenye flashi tuna picha kama kumi za Scooby-Doo, lakini kila Jumamosi anataka ileile ya kisiwa cha mazombi. Adui anamjua, mwisho anaujua, na maneno anayatamka kabla hayajatamkwa. Kuna faida gani kurudia picha ya upelelezi wakati siri yake imeshafichuka? Baba wa mmoja, Morogoro

Marahaba mwanangu. Jibu la swali lako niliwahi kuliona kwenye kanda kabla sijapata maneno ya kulisema.

Kanda ya video huchakaa pale inaporudiwa. Ukiisimamisha, ukairudisha nyuma, ukaicheza tena, utepe unakwanguka, na baada ya muda picha inatoa chenga mahali palepale. Wateja wangu wengi walikuwa watoto wa shule, na kila kanda ilirudi dukani na chenga zake. Picha za ngumi zilikuwa na chenga kwenye pambano la mwisho. Za Kihindi, kwenye nyimbo. Kanda ya Scooby-Doo on Zombie Island ilikuwa na chenga mahali pamoja: pale Fred anapomkamata zombi na kuvuta kichwa chake akiamini ni barakoa, na kichwa kikang'oka kizima kikabaki mkononi.

Mwanzoni nilidhani wanarudia pale kwa sababu wanapenda kutishika. Siku moja nikakaa nao. Hawakupiga kelele, wala hawakucheka. Walinyamaza, wakasogea karibu na ile TV yangu ya kichogo, na mkubwa wao akasema, "Rudisha tena, nimuone shingo." Walikuwa wanahakiki.

Zingatia jambo hili. Scooby-Doo ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 13 Septemba 1969, kwenye kituo cha televisheni cha CBS, na katika mfululizo ule wa kwanza sharti lilikuwa moja: mzimu ni mtu. Vuta barakoa, utakuta msimamizi wa jumba la makumbusho, au mwenye hoteli, au wakili anayewania urithi. Watoto walikua wakiliamini sharti hilo. Ndipo mwaka 1998 ikaja picha hii, ya kwanza katika mfululizo wa picha ndefu zilizotolewa moja kwa moja kwenye kanda, ambao mpaka leo umepita picha 30. Inaanza kundi limeshatawanyika. Daphne ana kipindi chake cha televisheni na Fred ndiye mpiga picha wake. Velma anauza vitabu vya upelelezi. Shaggy na Scooby wanafanya kazi uwanja wa ndege, kukagua vyakula vinavyoingizwa kinyume cha sheria, na wanafukuzwa kwa kuvila. Wanakutana tena kwa sababu Daphne amechoka na mizimu ya bandia, anataka mmoja wa kweli. Wanazunguka Louisiana wakivua barakoa baada ya barakoa. Halafu wanafika kisiwani Moonscar, Fred anavuta, na ndani hamna mtu.

Mwanao wa miaka sita amekwisha kuelewa kuwa hapo kuna sharti limevunjwa. Anarudi kila Jumamosi kuangalia kama limevunjika kweli.

Lakini kuna zaidi, na hapa ndipo napenda ukae naye badala ya kumwachia rimoti. Mazombi wa kisiwa kile hawana ubaya. Ni watu waliouawa pale miaka iliyopita, na wanainuka kuwaonya wageni wakimbie. Wauaji ni wenyeji: Simone mwenye nyumba, Lena mpishi wake, na Jacques mwenye kivuko. Wanajigeuza paka na kunyonya uhai wa wageni ili waendelee kuishi. Ukishajua hivyo, saa nzima ya mwanzo inakuwa picha nyingine kabisa. Mara ya kwanza unaangalia mizimu. Mara ya pili unaangalia wenyeji. Unamwona Lena anavyowakuta kule New Orleans wakitafuta nyumba yenye mzuka, na anavyowapa mwaliko kabla hawajauomba. Unawaona paka wamejaa nyumba nzima, na Simone anavyowatetea Scooby anapowafukuza. Kila kitu kilikuwa wazi mezani, karibu na zile pilipili kali ambazo Shaggy na Scooby walizibugia, na sisi macho yetu yalikuwa nje kwenye kinamasi.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakujua Kiingereza hata cha salamu. Aliiangalia mara moja tu, amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Walipopanda kivuko akasema, "Hawa wamekaribishwa mno." Akaendelea na mchele wake. Mimi nilikuwa nimeshaiona mara tatu na hilo sikuwa nimeliona. Yeye hakuwa anafuata maneno, alikuwa anafuata nyuso, na watoto wadogo wanaorudia picha hufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo Jumamosi hii jaribu ninavyofanya na mjukuu wangu. Chagueni mtu mmoja na mumfuate yeye tu, tangu anapotokea hadi mwisho. Sisi tulianza na Beau, yule mtunza bustani mwenye uso wa kununa. Mara ya kwanza kila mtu anamshuku, kwa sababu ana sepetu, anatokea usiku, na majibu yake ni ya mkato. Kumbe ni mpelelezi wa polisi aliyejificha. Mjukuu wangu alimfuata picha nzima, kisha akasema, "Bibi, huyu hakumdanganya mtu hata mara moja, alikuwa hajibu tu." Ana miaka minane! Nilizima TV tukaongea tofauti ya kudanganya na kutojibu mpaka chai ikapoa.

Na kuhusu hofu, wazee wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mwanao anajenga ujamaa na zimwi lake. Mwache.

Shangazi, habari za siku nyingi. Mimi ni kinyume cha wengine: binti yangu wa miaka mitano aliangalia hiyo hiyo ya mazombi kwa binamu zake na sasa usiku anaamka analia. Mume wangu anasema ni katuni tu, atazoea. Nizitupe zote? Kama kuna za kuanzia, ni zipi? Mama wawili, Mwanza

Nzuri mdogo wangu, na pole kwa kukesha. Usizitupe. Ila kwenye hili "ni katuni tu" shemeji amekosea, na mfikishie kwa heshima kwamba nimesema hivyo.

Waliozitengeneza wenyewe hawakuwahi kusema ni katuni tu. Miaka ile ya sitini, wazazi wa Marekani walikuwa wanalalamikia vurugu katika katuni za Jumamosi asubuhi, na Fred Silverman wa CBS akataka kitu cha aina nyingine. Joe Ruby na Ken Spears, waandishi wa kampuni ya Hanna-Barbera, wakaandaa hadithi ya vijana wapelelezi. Mara ya kwanza ilikataliwa: wakubwa wa CBS waliona michoro inatisha mno kwa watoto. Dawa yake ilikuwa kumsogeza mbwa mbele, na vichekesho vikaongezwa. Kwa maneno mengine Scooby yupo pale kwa ajili ya binti yako. Anaogopa kwa niaba yake, tena kwa kelele, ili yeye aone kwamba mtu anaweza kutetemeka hivyo na bado akamaliza kazi. Iwao Takamoto, aliyemchora, aliulizia sifa za mbwa bora wa aina ya Great Dane, kisha akafanya kinyume chake: miguu ya matege na kidevu kilicholegea. Alitaka tumpende kabla hajatutisha mtu yeyote.

Tatizo ni kwamba picha nne za mwanzo za kanda, yaani ya mazombi (1998), ya mchawi (1999), ya wageni kutoka angani (2000) na ya mchezo wa kompyuta (2001), zote zilichorwa na studio ya Mook ya Japani, na zote zina giza lake. Usiku ni usiku kweli, maji ya kinamasi yanang'aa, na mwisho kuna kitu cha kweli ambacho barakoa haikielezi. Kwa mtoto wa miaka mitano hilo ni sawa na kumpa kamba ashuke kisimani, halafu kuikata. Kuanzia 2003, picha zilipokwenda Australia na Mexico, michoro ikawa na mwanga zaidi na kwa kawaida unamkuta mtu ndani ya barakoa. Anzia huko.

Ningekuwa mimi, ningempa Where's My Mummy? ya 2005, iliyoko Misri. Kuna mumiani wa malkia Cleopatra, yaani maiti yake ya kale iliyokaushwa, anayewafukuza watu kwenye kaburi, na kuna mwanamke mwizi wa hazina, Amelia von Butch, anayetaka kulichimba kwa nguvu. Mwisho barakoa ya mumiani inavuliwa, na ndani ni Velma. Velma wetu! Aliuvaa mzimu ili alilinde kaburi lisiporwe. Picha ile niliirudia mara mbili mfululizo masika haya, kwa sababu ni mahali pachache katika mfululizo wote ambapo anayetisha ana haki ya kutisha. Na binti yako ataona kitu anachokihitaji usiku: kwamba ndani ya kinachotisha anaweza kukaa mtu anayempenda.

Mambo mawili ya vitendo. Moja, mwambie mwisho kabla ya mwanzo. Najua wengi mtanipinga, mtasema nimeua upelelezi. Kwa mtoto wa miaka mitano upelelezi utafufuka akifika saba. Sasa hivi anahitaji kujua kwamba Velma yumo mle ndani. Pili, punguza sauti. Hofu ya picha inaingilia masikioni kuliko machoni. Mwangalie mtoto akiogopa: hafumbi macho kwanza, huziba masikio. Dukani nilikuwa naacha picha inaendelea huku muziki umeshushwa, na waliokuwa wanalia walinyamaza.

Ya mazombi iweke kabatini, juu, miaka miwili.

Shangazi, kwa heshima. Katika picha ya 1999 kuna mchawi anaitwa, anatoka kitabuni na kuroga mji. Sisi ni familia ya dini. Kwa nini unapendekeza mambo haya kwa watoto wetu? Mzazi, Shinyanga

Asante kwa kuuliza waziwazi. Sitakwambia hakuna uchawi ndani ya Scooby-Doo and the Witch's Ghost, maana umo. Kama nyumbani kwako hamtaki uingie, usiuingize, wala hudaiwi maelezo na mtu yeyote, pamoja na mimi.

Lakini umenipa nafasi ya kusema kinachonikwaza mimi katika picha hii, nacho ni kingine.

Kundi linaalikwa na mwandishi wa hadithi za kutisha, Ben Ravencroft, mjini kwao Oakhaven, mji wa kubuni katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Anawaeleza kwamba bibi yake wa kale, Sarah, alisingiziwa uchawi, kumbe alikuwa mganga wa mitishamba tu. Nusu ya kwanza ni nzuri mno. Mzuka wa Sarah unaotembea mjini unagundulika ni kazi ya meya na wenye maduka, wanaotaka watalii. Mji mzima umevaa barakoa moja kwa ajili ya biashara. Halafu picha inageuka. Ben anafichua kwamba bibi yake alikuwa mchawi kweli, anamfungua kutoka kitabuni, na bibi anataka kuangamiza kila mtu, hata mjukuu wake.

Hapo nilisimamisha picha. Massachusetts ni nchi ya Salem. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa pale kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na baadaye jimbo lenyewe likakiri kuwa hukumu zile zilikuwa za dhuluma. Picha inaazima historia hiyo, inatuonyesha mwanamke aliyesingiziwa, tunamhurumia, kisha inatuambia: la, waliomfunga walikuwa sahihi. Nawe unaandika kutoka Shinyanga, kwa hiyo huhitaji nikueleze hili linauma wapi. Kwenu bibi vizee wameuawa kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu, na wekundu ule ni wa moshi wa kuni na samadi waliyopikia maisha yao yote.

Kwa hiyo mjukuu wangu nilimwonyesha, lakini tulipofika pale nilizungumza. Nilimwambia kuhusu shangazi yangu wa kijijini, ambaye majirani waliacha kumwazima chumvi kwa sababu mtoto wa jirani aliugua. Mtoto yule alikuwa na malaria, na alipona kwa dawa za zahanati. Chumvi haikurudi. Mjukuu aliniuliza, "Nani alimvua barakoa?" Nikamwambia hakuwa na barakoa, ule ulikuwa uso wake. Picha hii nimeiangalia mara nyingi, na swali lile ndilo lililonifanya nione kilichokosekana ndani yake.

Nyimbo za wale wasichana watatu wa bendi iliyomo kwenye picha hii, Hex Girls, ni nzuri, na wengi wenu mmeniandikia kuzihusu. Nakubali, ni nzuri.

Vipi Shangazi! Mimi na ndugu yangu tunabishana. Nasema sauti ya Shaggy imebadilika mara nyingi, yeye anasema ni mtu mmoja tangu zamani. Nani ameshinda? Kijana wa Nakuru

Salama kijana. Umeshinda wewe, ila ndugu yako ana sababu.

Shaggy wa kwanza, tangu 1969, alikuwa Casey Kasem, mtangazaji wa redio mwenye asili ya Lebanoni. Alikuwa hali nyama, na katikati ya miaka ya tisini alipotakiwa kutoa sauti ya Shaggy kwenye tangazo la baga, alikataa na kuiacha kazi. Ndiyo maana katika picha ya 1998 Shaggy ni Billy West, na katika tatu zilizofuata ni Scott Innes, ambaye alikuwa pia sauti ya Scooby katika zote nne. Kasem alirudi 2002 baada ya kukubaliwa kwamba Shaggy naye asile nyama. Akaendelea hadi 2009, na akafariki 2014. Aliyemfuata ni Matthew Lillard, yuleyule aliyeigiza Shaggy kwa mwili wake katika picha ya watu halisi ya 2002. Lillard anamheshimu sana aliyemtangulia, unaisikia heshima hiyo kwenye kile kicheko chake cha kukatika. Labda hapo ndipo ndugu yako alipochanganyikiwa.

Sauti ambayo karibu muda wote ni ya mtu mmoja tangu zamani ni ya Fred. Frank Welker alianza akiwa kijana mwaka 1969 na amebaki naye karibu muda wote, na tangu 2002 anamtolea sauti Scooby pia. Maana yake, Fred anapomwita Scooby na Scooby akaitika, ni mzee mmoja amesimama mbele ya maikrofoni anajiita na kujiitikia.

Sauti ya kwanza ya Scooby ilikuwa ya Don Messick, aliyefariki Oktoba 1997, na picha ya mazombi ilitolewa kwa kumbukumbu yake. Zamani nilikuwa naizima mara hadithi inapoisha ili nirudishe kanda haraka, mteja mwingine anasubiri. Siku hizi naacha majina yapite yote.

Shangazi, ile Return to Zombie Island ya 2019, vipi? Msomaji, Zanzibar

Nimeiangalia mara moja. Inawarudisha kisiwani, kisha inaanza kututilia shaka macho yetu wenyewe juu ya tuliyoyaona 1998. Watoto wa barabara ya 12 walimaliza utepe wa kanda kwa kuhakiki shingo ile. Kwa ajili yao sitairudia.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 12, nipo darasa la sita na nataka kuwa mpelelezi. Huwa nawajua wabaya wote kabla ya mwisho isipokuwa kwenye Cyber Chase. Velma alijuaje? Nimeirudia mara nne sijaona. Binti wa Pangani

Marahaba, mpelelezi wangu jirani! Mara nne ni bidii, na kosa si lako.

Kwa wasioijua: ni picha ya 2001, ya mwisho William Hanna, yule wa Hanna-Barbera, kuhusika nayo kabla hajafariki Machi mwaka huo. Mwanafunzi Eric ametengeneza mchezo wa kompyuta uliojengwa juu ya visa vya kundi, na ndani yake kumezaliwa kirusi chenye umbo la mtu, kinachocheka na kutupa radi. Mwale wa maabara unawaingiza wote mchezoni, na wanapaswa kushinda ngazi kumi, kuanzia mwezini. Washukiwa ni wachache tu. Velma anamtaja Bill, rafiki wa Eric, aliyeumia kwa sababu mchezo wa Eric ulichaguliwa badala ya wake.

Ushahidi wake ni besiboli. Kirusi kinapozungumza kinateleza na kutumia maneno ya besiboli, na Bill ndiye mpenzi wa mchezo huo. Mtoto wa Marekani anayasikia maneno yale kama wewe unavyosikia "kona" au "penalti": yanamgonga sikio. Sisi yanatupita kama upepo, tunadhani ni Kiingereza cha kawaida. Mimi nilikodisha kanda ile miaka mingi bila kuelewa Velma alipatia wapi, mpaka mpwa wangu anayeishi Marekani alipokuja likizo, akakaa na sisi kuiangalia, na katikati akasema, "Huyu jamaa anaongea kama mchezaji wa besiboli." Alikuwa hajawahi kuiona.

Kwa hiyo ushahidi ulikuwapo mara zote nne, ila kwa lugha ambayo hakuna aliyekufundisha. Sasa fanya hivi. Tafuta mtu akueleze besiboli inavyochezwa, dakika kumi zinatosha: anayerusha, anayepiga, anayekimbia, na maana ya kutolewa nje. Kisha irudie mara ya tano ukiwa na daftari, na kila kirusi kikisema neno la mchezo ule, weka alama na uandike ni ngazi ya ngapi. Ukimaliza niandikie una alama ngapi. Mimi na mjukuu tumehesabu za kwetu na tumezifungia kwenye bahasha, tunakusubiri wewe.